Kutoka Oslo Hadi Rio: Objekti Husimama Wapi?

Safari hii naifanya mezani, natoka lugha moja ya programu kwenda nyingine na mfano uleule: akaunti ya benki inayowekewa shilingi 500. Kila nikifika natazama methodi inaitwaje, na objekti yenyewe inasimama wapi.

Oslo ndiko chimbuko. Katika Simula 67, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliweka nukta kati ya objekti na kazi yake: akaunti.weka(500). Nukta hiyo imeenea hadi C++ na Java, na wengi waliolelewa nayo hudhani hakuna njia nyingine.

Huko Palo Alto njia nyingine ipo. Smalltalk ya Alan Kay na wenzake huko Xerox huandika akaunti weka: 500 tarehe: leo, na kila kigezo kinakuja na jina lake. Inasomeka vizuri mno! Ila humo kuita methodi ni kutuma ujumbe kwa objekti; hata kujumlisha ni kutuma ujumbe, na ujumbe wa aina hiyo husomwa kushoto kwenda kulia, hivyo 2 + 3 * 4 ni 20. Mimi naikubali gharama hiyo.

Amsterdam, Guido van Rossum aliitoa Python mwaka 1991, na humo self, yaani objekti yenyewe, huandikwa waziwazi kama kigezo cha kwanza. Mwanafunzi akiisahau, kisha akaita akaunti.weka(500), huambiwa methodi inapokea kigezo 1 lakini imepewa 2. Anahesabu, anaona kimoja. Cha pili ni akaunti yenyewe, iliyopitishwa na nukta.

Rio de Janeiro ndiko ninakokaa zaidi. Lua, iliyozaliwa 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, ina alama mbili. Nukta pacha, akaunti:weka(500), hupitisha akaunti bila kuitaja tena. Kwa nukta moja unaitaja mwenyewe: akaunti.weka(akaunti, 500). Ukiandika akaunti.weka(500), basi 500 inakaa kwenye nafasi ya akaunti, na programu inakwama ikitafuta salio ndani ya namba. Sijaona lugha nyingine inayomwonyesha anayeanza, kwa alama ndogo hivyo, kwamba methodi ni fanksheni yenye kigezo cha ziada. Java humficha hilo kwa miaka.

Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, huitanguliza objekti kwenye mabano yake: func (a *Akaunti) Weka(kiasi int). Jina la objekti unalichagua mwenyewe, na desturi yao ni herufi moja au mbili, si self ya Python wala this ya Java.