Nyumba za Picha Mjini Mwanza

Mwanza ni jiji lililojengwa juu ya mawe. Msafiri avukaye kwa kivuko kutoka Kamanga huliona Jiwe la Bismarck limesimama majini, na nyuma yake vilima vya Nyamagana vilivyojaa majabali, nyumba zikiwa zimebanana katikati yake. Upande wa Capri Point yako majumba ya fahari yatazamayo ziwa. Igogo na Mabatini mtu hupanda kwa miguu, mkono mmoja ukishika jiwe.

Juu ya kilima chake iko Hospitali ya Bugando. Tangu ilipofunguliwa mwaka 1971 imepokea wagonjwa wa Kanda nzima ya Ziwa, na wagonjwa hao huja na ndugu wa kuwauguza. Ndugu hao, pamoja na wafanyakazi walio safarini na watalii waendao Serengeti, huhitaji mahali pa kukaa siku 5 au wiki 2. Zamani walifikia kwa jamaa. Siku hizi wengi hutafuta nyumba kwa simu, na humo ndimo laghai anamowangojea.

Ulaghai wenyewe hauhitaji akili nyingi. Picha za nyumba ya mtu mwingine huibwa, zikatangazwa kwa bei ya chini kidogo. Kampuni ya Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, huzishika fedha za mgeni na kumpa mwenye nyumba baada ya saa 24 hivi tangu mgeni afike. Kwa hiyo laghai hatulii mpaka amemtoa mgeni katika utaratibu huo: atume moja kwa moja kwa simu, makato ya kampuni ni makubwa mno! Jina litokealo si lake. Husema ni la shemeji yake. Fedha zikishapita, simu haipokelewi tena.

Uko ulaghai mwingine wenye adabu zaidi. Mgeni yu karibu kufika, huambiwa choo kimefurika, ahamie nyumba nyingine, nayo ni mbovu. Mwandishi Allie Conti alifanyiwa hila hiyo Chicago, akaifichua katika Vice mwaka 2019; siku chache baadaye Airbnb iliahidi kuzihakiki nyumba zake zote. Yeye aliharibikiwa na matembezi. Mama aliyemleta mtoto Bugando hupoteza nauli ya kurudi na fedha za dawa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huuhesabu udanganyifu huu kuwa jinai, lakini sheria humfuata mwizi akiwa amekwisha kula. Mwanza ina mashahidi walio karibu zaidi. Picha ya “Capri Point” yenye minazi na mchanga mweupe, bila jabali hata moja, yatia shaka. Tena mwenye nyumba wa kweli haoni taabu kutaja mtaa wake na ofisi ya serikali ya mtaa ilipo, ambako ndugu aliyeko mjini aweza kwenda kuuliza. Na aombwe apige simu ya video akiwa nje, aonyeshe mlango, njia, na jiwe lililo jirani. Laghai ataanza kulalamika kwamba bando limekwisha.