Siti ya Nyuma Kabisa Ikaguliwe Kwanza
Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilometa 500, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Mzazi anayetafuta Prado ya siti saba aanze kwa kukaa siti ya nyuma kabisa. Magoti hupanda juu. Mtoto atavumilia, bibi hapana. Joto la Same likianza, kiyoyozi kinafika huko? Kila mkanda unafunga? Mtoto mwenye urefu chini ya sentimita 135 anahitaji kiti chake maalumu. Siti zote zikijaa, buti hubaki dogo, na mizigo iliyorundikwa nyuma ya watoto inaweza kuwaangukia breki zikikanyagwa ghafla. Mkanda mmoja ukiwa mbovu, gari hilo ni la watu sita.