Shajara ya Steshenari, Lushoto

Jumatano, 8 Mei 2024

Ukungu umekaa tangu alfajiri, kanisa la ng'ambo ya barabara silioni. Ndani benchi limejaa. Karibu wote ni walimu wanaosoma digrii huku wakifundisha, na kazi zao mwisho ni keshokutwa. Wameteremka na bodaboda kutoka Mlalo, Rangwi na Mtae, kila mmoja na kishkwambi kwapani, vile vya sensa ya 2022 vilivyokuja kugawiwa walimu. Kifaa si shida tena. Shida ni bando, na mtandao unaoshika kwenye kichuguu kimoja tu nyuma ya shule.

Mwalimu wa Mlalo kaja na hasira. Kazi kaituma wiki iliyopita, mhadhiri anasema hajaiona. Nikamwambia aingie mwenyewe, nami nisimame nyuma yake. Faili lipo, jina lake lipo, ila juu yake kuna maandishi madogo ya Kiingereza kwamba hii bado ni rasimu. Kwenye Moodle, ambayo ndiyo vyuo vingi vinaitumia, kupakia kazi ni jambo moja na kuiwasilisha ni jingine. Kitufe cha kuwasilisha kiko chini kabisa. Kwenye skrini ndogo huwezi kukiona mpaka uusukume ukurasa hadi uishe. Akakibonyeza, pakawa kijani. Akabaki anakitazama kile kijani muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitegemea.

Sidhani aliyepanga ukurasa ule aliwahi kuufungua kwenye kioo kilichopasuka.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya mwisho, fujo tupu. Mama mmoja wa Soni kafika anahema saa kumi na nusu. Kaona 11:59, akajua ni saa kumi na moja jioni. Nikampa chai, tukaanza taratibu. Bado alikuwa na saa saba na ushee.

Kijana wa Lukozi yeye kaja na pendekezo. "Dada, shika nywila yangu, uwe unanifanyia. Mimi nina karoti shambani, na nitakulipa kila mwezi." Nimekataa, akanuna. Najua wapo wanaopokea. Wanaanza na kupakia, baadaye wanajibu majaribio, mwisho wanaandika insha nzima, na mwenye jina anakuja siku ya joho. Fedha ipo humo, na kodi ya fremu hainisubiri. Lakini mwenye nywila anaona matokeo ya mtu, madeni yake na barua zake za chuo. Na huyu kijana mwakani atasimama mbele ya watoto wetu.

Jumapili, 12 Mei

Nimefungua baada ya ibada. Mtandao hakuna. Nimezima kisambazi, nimewasha, nimebadilisha laini. Hakuna.

Jumatatu, 13 Mei

Si sisi peke yetu. Waziri Nape Nnauye kasema ni hitilafu kwenye mikongo ya baharini, SEACOM na EASSy, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. SEACOM ilifika Dar es Salaam 2009, na tangu hapo tumesahau kwamba intaneti inapita kwenye waya. Waya unakatika baharini, mtu wa Mtae, juu mawinguni, anashindwa kusoma.

Watu wamekuja vilevile, hawakujua. Sikuwarudisha. Nimewafundisha yale ambayo siku za haraka hayafundishiki: kupiga picha kurasa za kazi ya mkono bila kivuli, kuziunganisha ziwe faili moja, kulipunguza uzito maana picha za simu ni nzito na mfumo una kikomo. Nimewaonyesha pia programu ya Moodle ya kwenye simu: ukiwa mjini unapakua somo zima, ukiwa nyumbani unasoma bila bando. Nusu yao hawakujua kwamba inawezekana. Hakuna aliyewaambia, chuo kiliwapa kiungo na nywila ya kuanzia, basi.

Nikawasimulia kuhusu Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyetoa Moodle mwaka 2002. Utotoni alikaa jangwani, mbali na shule, akasomeshwa kwa redio. Mzee mmoja, aliyesoma Chuo Kikuu Huria enzi za masomo kutumwa kwa posta, akasema, "Basi alisahau mapema." Benchi zima likacheka.

Alhamisi, 16 Mei

Mtandao umerudi, wa kusuasua. Leo kaja mwanafunzi asiyeona, aliyesoma Irente, ile shule ya Walutheri iliyoanza 1963. Kompyuta yake ina NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni kijana asiyeona, Michael Curran, kisha akajiunga naye James Teh, asiyeona pia, nao ni Waaustralia (sijui wana nini hawa). Haiuzwi.

Sijaona mtu anayekwenda kasi vile kwenye mfumo. Hashiki kipanya. Anabonyeza H, anaruka kichwa hadi kichwa; sauti ya Kiswahili, kavu, ya puani, inasoma haraka hata mimi naachwa. Kile kitufe cha kuwasilisha kinachowasumbua wenye macho yeye anakifikia kwa kidole kimoja. Halafu akafungua mada ya nne, sauti ikanyamaza. Akajaribu tena. Kimya. "Dada, hapa pana nini?"

Palikuwa na kurasa za kitabu zilizopitishwa kwenye skana, zimepinda, pembeni kivuli cheusi cha fotokopi. Kwa macho unasoma. Kwa NVDA ni picha tupu.

Nikajitolea kumsomea. Akakataa kwa upole: leo nimsomee, na wiki ijayo je? Kuna njia ya kuilazimisha programu itambue herufi kwenye picha. Tulijaribu, ikatoa maneno yaliyovunjika. Akaamua kumwandikia mhadhiri, akaandika mwenyewe: shikamoo Dokta, jina, namba ya usajili, kisha ombi la sentensi moja, kwamba kama maandishi haya yamewahi kuchapwa kwenye kompyuta yoyote, amtumie faili hilo. Akaisikiliza barua yote mara mbili, akarekebisha mkato, akatuma.

Jumanne, 21 Mei

Dokta kajibu. Mada ya nne imekuja ikiwa maandishi kamili. Ya tano na ya sita bado ni picha. Mwanafunzi wa Irente kaandika tena, shikamoo ikiwa palepale juu.

Jioni nimebandika bei mpya ukutani. Kuelekezwa mfumo wa chuo, ukishika kipanya mwenyewe: bure. Kupakiwa kazi, ukae hapahapa na nywila yako uiandike mwenyewe: shilingi 3,000. Kuandikiwa kazi: hatufanyi.

Wa kwanza kuisoma alikuwa yule wa Lukozi, matope ya shamba bado miguuni. Kaisoma hadi chini, akaomba ya 3,000 nimpunguzie iwe 2,000.