Ngome za Bonde la Sagana: Safari ya Siku Moja

Katika nchi ya Ujerumani, baina ya miji ya Bingen na Koblenz, mto Rhine hupita katika bonde jembamba lenye majabali pande zote mbili, na juu ya majabali hayo zimesimama ngome za kale. Wasafiri hupanda meli asubuhi, wakazitazama ngome hizo moja baada ya moja, na jioni wakarudi makwao. Zilijengwa na mabwana wa zamani ili kujilinda, na pia kuwatoza ushuru wafanya biashara waliopita mtoni. Siku hizi hazimtishi mtu. Mwaka 2002 bonde hilo liliandikwa na UNESCO miongoni mwa mahali pa urithi wa dunia.

Mkaaji wa Murang'a, Karatina au Nyeri asikiapo habari hizo huenda akasema kwamba kwao hakuna kitu cha namna hiyo. Mto anao, kwa kuwa Sagana hushuka kutoka Mlima Kenya, ukapokea maji ya Ragati, Chania, Gura na Mathioya, kisha ukawa Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, hata ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Milima pia anayo. Ila ngome hazioni.

Lakini ngome zilikuwapo, tena nyingi. Tofauti yake na zile za Rhine ni kwamba nyingi zilijengwa kwa udongo, miti na mianzi, nao walioziinua kwa mikono yao wengi hawakuulizwa kama wapenda. Mvua na jembe vimezisawazisha. Kwa hiyo atakaye kuzitazama kwa siku moja yampasa kuipanga safari yake kwa uangalifu kuliko yule wa Rhine, maana hapa macho peke yake hayatoshi.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza ni kuchagua majira. Mvua ndefu hunyesha tangu Machi hata Mei, na mvua fupi tangu Oktoba hata Desemba. Mwezi wa Julai na Agosti baridi na ukungu hufunika matuta siku nzima. Januari na Februari ndiyo miezi bora, kwa sababu anga huwa safi na njia za udongo huwa kavu.

Jambo la pili ni saa. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, hauna desturi ya kumngoja mvivu. Alfajiri huonekana wazi pamoja na theluji yake, lakini mara nyingi ifikapo saa nne za asubuhi umekwisha kujifunika mawingu. Basi yafaa kuondoka Murang'a saa kumi na mbili asubuhi, kupanda na bonde kwa njia ya Sagana na Karatina huku mlima ukiwa mbele, kufika Nyeri kabla ya adhuhuri, na kurudi alasiri kwa njia ya Othaya na Kiria-ini. Hivyo msafiri hatapita mahali pamoja mara mbili.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Katika gari na iachwe nafasi moja kwa mzee, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa kijana katika miaka ya 1950. Sababu yake itaonekana mbele.

KUTOKA MURANG'A HATA KARATINA

Safari huanzia Murang'a kwa kuwa hapo ndipo ilipojengwa ngome ya kwanza ya Serikali ya Kiingereza katika sehemu hizi. Mwaka 1900 ofisa mmoja, Francis Hall, aliweka boma mahali paitwapo Mbiri. Hakukaa nalo sana, kwa maana alikufa hapo hapo mwezi wa Machi 1901. Mji ukaitwa Fort Hall kwa jina lake, na baada ya Uhuru ukapewa jina la Murang'a. Kama vile ngome za Rhine zilivyotoza ushuru, maboma ya namna hii ndiyo yaliyokuja kutoza kodi ya kibanda.

Kabla ya kuondoka mjini, inafaa kuingia katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ndani yake mna picha kubwa zilizochorwa ukutani na Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950. Picha zaonyesha maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hata kusulibiwa, lakini nchi iliyomo ni nchi ya Wakikuyu, na watu waliomo ni Waafrika. Mtoto aelezwe picha hizo polepole, kwa sababu zitamsaidia kuyaelewa yatakayofuata.

Kutoka hapo barabara yashuka mpaka Sagana, penye joto, ambapo wachuuzi huuza mchele wa Mwea na matunda kando ya njia. Hapo pana kituo cha ufugaji wa samaki kilichoanzishwa mwaka 1948. Kisha barabara yapanda tena, hewa ikazidi kuwa baridi, na mashamba ya chai na kahawa yakatokea juu ya matuta. Karatina ina soko kubwa linalojulikana nchi nzima. Hapo ndipo mahali pa kununua viazi, nduma na ndizi za njiani, maana ni bei nafuu kuliko kungoja hoteli.

NGOME ZISIZOONEKANA

Ni katika sehemu hii, baina ya Karatina na Nyeri, ambapo msafiri aliyekuja peke yake hupita ngome nyingi bila kujua. Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Tangu katikati ya mwaka 1954 watu wa Kiambu, Murang'a, Nyeri, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu kutoka nyumba zao zilizotawanyika matutani, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Waliohamishwa walizidi milioni moja. Karibu na kijiji palikuwa na boma la askari wa ulinzi, lenye mnara wa kuangalilia, daraja la kuinuliwa usiku, na handaki lililochomekwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa vikali. Mtu akichora ngome ya zamani ya Ulaya, kisha akachora boma hilo, atastaajabu jinsi picha mbili zinavyofanana.

Zaidi ya hayo, lilichimbwa handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, takriban maili 50, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate chakula kutoka vijijini. Kazi hiyo ilifanywa kwa majembe na sepeto, na wengi wa waliochimba walikuwa wanawake, kwa kuwa waume zao walikuwa kizuizini au msituni, au wamekwisha kufa. Walichimba bila mshahara, mchana kutwa, na jioni wakarudi ndani ya ua kabla ya amri ya kutotoka.

Hali ya hatari ilikoma Januari 1960. Watu walirudi mashambani mwao, mahandaki yakafukiwa, na mahali pengi palipokuwa na boma pamekuwa soko dogo, shule, au ofisi ya chifu. Mgeni huona duka na mkahawa tu. Lakini mzee aliyeketi garini atasema, simamisha hapa. Ataonyesha mteremko ambao si wa kawaida nyuma ya shule, au mstari wa miti iliyoota katika bonde dogo lisilo na mto, na kueleza kwamba hilo si bonde, ila ni handaki. Huenda ataeleza pia nani alisimama upande gani, kwa maana katika nyumba moja ndugu mmoja aliweza kuwa mlinzi wa boma na mwenzake kuwa msituni. Mengine hatapenda kuyasema. Na asilazimishwe.

NYERI MJINI

Mji wa Nyeri nao ulianza kama kituo cha askari mwaka 1902, chini ya kilima cha Nyeri. Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro amelala Baden-Powell, aliyeulinda mji wa Mafeking ulipozingirwa katika miaka ya 1899 na 1900, kisha akaanzisha chama cha Skauti. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburini pake pana alama ya duara yenye nukta katikati, ambayo kwa Skauti maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Skauti wa nchi nyingi huja kulizuru.

Karibu na Kiganjo ipo nyumba ya Sagana, ambako tarehe 6 Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alipokea habari kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ni malkia. Usiku uliotangulia alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua. Mwaka 1954 nyumba hiyo iliteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa katika mji huu huu, na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mjini pana mnara wa kumbukumbu kwa Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru katika miaka ya 1951 hata 1957. Mnara hauelezi ni Wakikuyu wa upande upi. Kila asomaye huyajaza maneno hayo kwa wafu wake mwenyewe. Na katika uwanja wa Ruring'u, Desemba 1963, wapiganaji waliosalia walitoka msituni wakaipokea Serikali ya Uhuru.

KURUDI

Yafaa kuondoka Nyeri saa nane, ili kufika kabla ya giza. Njia ya Othaya huvuka mto Gura, wenye maji ya baridi na mbio kubwa, ambao ndani yake samaki aina ya trauti waliletwa kutoka Uskoti tangu mwaka 1905. Kutoka Othaya mpaka Kiria-ini njia hupanda tuta na kushuka bonde, kisha tuta jingine, chai ikiwa kila upande, hata kuufikia Mathioya na Murang'a. Wanaotapika garini na waketi mbele.

Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya siku zile, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228 waliodai. Habari hizo zimeandikwa, wala hazitapotea. Lakini mahali hasa lilipopita handaki la kijiji fulani, na majina ya wanawake waliolichimba, mengi hayajaandikwa popote. Msichana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 sasa amepita miaka 90.

Ngome za Rhine ni za mawe, nazo zaweza kumngoja msafiri miaka mia nyingine. Za bonde la Sagana hazina mlinzi ila kumbukumbu ya wazee. Kwa hiyo atakayeipanga safari hii asiiahirishe mpaka mwaka ujao kwa sababu ya petroli au shughuli. Na achukue daftari na kalamu, amwekee nyanya mto wa kuketia na blanketi la kujifunika, na akisikia neno la kusimamisha gari, asimamishe.