Kila Askari na Kitako Chake

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulisisitiziwa kwamba mwalimu mzuri hutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyomzunguka. Ndiyo maana nilianza kufinyanga askari wa udongo, kila mmoja urefu wa kidole cha shahada, ili nifundishe vita vya Tanga vya Novemba 1914.

Juu ya meza nilichora bandari, reli na Ras Kasone. Huko walishuka askari wa Uingereza wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Waliowakabili, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao Waafrika, na baadhi yao waliletwa kwa reli kutoka Moshi. Watoto walipenda zaidi habari ya nyuki waliowavamia wapiganaji. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini.

Askari wa udongo hasimami bila kitako. Miguu yake ni myembamba, na akianguka huvunjika. Kwanza nilitumia vizibo vya soda, lakini hewa ya chumvi ya Tanga ikavila kutu. Nikahamia kwenye mti mkavu wa ua la mkonge: ni mwepesi, na gundi ya seremala huushika vema. Kila ofisa wa Kijerumani nilimpa kitako chake. Waafrika niliwabandika watano watano juu ya kibao kimoja, ili niokoe gundi na muda. Baada ya somo, maofisa niliwafunga pamba na kuwapanga sandukuni; Waafrika niliwarundika katika mkebe wa biskuti.

Nilifanya hivyo zaidi ya miaka 30. Juzi mjukuu wangu alifungua mkebe ule, akatoa kibao chenye askari wawili na nyayo za watatu.

"Babu, mbona hawa wamevunjika na Wazungu ni wazima?"

"Wale walifungwa pamba."

"Na hawa kwa nini hawakufungwa?"

Sikuwa na jibu. Mamia ya watoto niliwaambia kwa kinywa changu kwamba Mwafrika ana historia yake, na kumbe mikono yangu ilikuwa ikifundisha jingine. Tena wapagazi, waliobeba mizigo ya vita vile mabegani, sikumfinyanga hata mmoja.

Sasa tumeanza upya, mimi na yeye. Kila askari ana kitako chake. Sanduku tumeligawa vyumba kwa makaratasi magumu, tukatandika pamba, tukaweka na kipande cha mkaa kinyonye unyevu. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, basi mimi hushika, yeye hubandika. Wapagazi wawili wameshakauka dirishani.

Kama uliwahi kukaa darasani mwangu, nawe unasoma ukurasa huu, karibu nyumbani. Lile somo sikulimaliza sawasawa.