Bando Lililotikisa Ndoa Yangu

Kwenye kurasa hizi tumeshaandika sana kuhusu mawifi, nyumba ndogo na wanaume wanaoficha mishahara. Leo naomba nikusimulie mimi mwenyewe nilivyokaribia kuharibu nyumba yangu kwa sababu ya MB. Ndiyo, MB, hizi hizi za intaneti. Usicheke kwanza.

Oktoba 2018 nilikwenda Frankfurt, Ujerumani, kwenye yale Maonyesho makubwa ya Vitabu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika, na mara ya kwanza kumwacha binti yetu zaidi ya siku mbili. Alikuwa na miaka mitatu. Niliahidi kwamba kila usiku saa tatu za Dar, ambazo kule mwezi huo ni saa mbili, nitampigia kwa video nimwimbie mpaka asinzie. Ndiyo maana nilibeba tableti, hiki tunachokiita kishikwambi. Kioo chake ni kikubwa, mtoto amwone mama vizuri.

Usiku wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Wai-fai ya hoteli ilikuwa inakwenda kwa kujivuta. Nikiimba mstari mmoja, picha inaganda mdomo ukiwa wazi, mtoto kule analia. Baba watoto akasema, "Pumzika, Mama, tutajaribu kesho." Kesho yake nikasema isiwe tabu. Nikawasha romingi kwenye simu, nikafungua hotspoti, nikaunganisha kishikwambi changu. Mambo yakawa shwari! Nikaimba usiku tatu mfululizo, dakika kumi kumi. Laini yangu ilikuwa ya kulipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakukuwa na salio la kuisha wala sauti ya kunionya. Nikajiona mjanja wa mjini.

Ujanja uliisha bili ilipofika: shilingi 640,000. Nilidhani wamekosea jina. Nikapiga simu, dada wa huduma kwa wateja akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Nje ya nchi, bila kununua bando maalumu, kila MB moja ilikuwa karibu shilingi 2,000, na mimi nilikuwa nimetumia kama 320. Nyimbo za mtoto hazikufika hata nusu. Zilizobaki zilikwenda wapi? Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi hatulijui. Kishikwambi kikiunganishwa na hotspoti, mara nyingi kinaamini kiko kwenye wai-fai ya kawaida. Hakijui kwamba mwenye simu anahesabiwa. Basi mimi nikiimba, chenyewe kinapandisha mtandaoni picha zangu zote za maonyesho na kusasisha programu ambazo hata sizitumii.

Mpaka hapo ni hasara tu. Kosa langu lilikuja baadaye. Nilichukua hela ya ada ya chekechea ya binti yetu nikalipa bili, nikapanga kuirudisha zamu yangu ya kupokea mchezo ikifika. Mume wangu sikumwambia neno. Wiki mbili baadaye akarudi kutoka shuleni na barua ya kukumbushiwa ada. "Mama, ada si ulishapeleka?" Nikajibu benki kulikuwa na foleni. Uongo ulinitoka kirahisi mpaka mwenyewe nikashtuka. Jumapili yake, akitafuta ufunguo wa gari kwenye mkoba wangu, akakutana na bili.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa kitandani akaisoma yote, halafu akasema, "Kama 640,000 zimekuogopesha kuniambia, siku likija jambo kubwa itakuwaje?" Kwa karibu mwezi mzima tuliongea habari za chumvi na luku tu. Tulilala kitanda kimoja lakini kila mtu na ukuta wake. Ada tuliilipa kwa kukopa kwa dada yake, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tulirudiana polepole, kwa kuambiana bei ya kila kitu, hata soda. Mwaka 2023 yeye akapata mafunzo Cologne, na mimi nikachukua likizo nimfuate. Binti akabaki kwa bibi yake. Safari hii tulikaa mezani na karatasi kabla ya kufunga mabegi.

Kwanza tuliangalia kama kishikwambi chetu kina nafasi ya laini, maana vingine ni vya wai-fai pekee, na kama hakijafungwa kwenye mtandao mmoja. Kama chako kinakubali eSim, unaweza hata kununua bando kabla ya kupanda ndege. Laini ya namna hiyo mara nyingi ni ya data tu, haina namba ya kupigiwa, lakini kwa video za WhatsApp inatosha kabisa. Sisi tulinunua laini ya kawaida dukani, Cologne. Beba pasipoti, kwa sababu tangu Julai 2017 Ujerumani haiwashi laini ya kulipia kabla bila kuhakiki kitambulisho. Tulilipa euro 20 tukapata GB 10. Kwa wakati ule ni kama shilingi 53,000, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya bili yangu ya zamani.

Laini zetu za Dar tuliziacha kwenye simu ili meseji za benki zitufikie, lakini data ya romingi tukaizima. Kwenye kishikwambi tukazima usasishaji wa programu na upandishaji wa picha. Ramani tulizipakua hotelini usiku, na filamu tukaziacha huko huko, maana saa moja ya filamu yenye picha kali inaweza kumeza hata GB 3.

Wikiendi tukapanda treni kwenda Amsterdam. Nilijiandaa kununua laini nyingine, kumbe hapana. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inatumika nchi nyingine za umoja huo kwa bei ile ile ya nyumbani, ili mradi usipitilize kiwango cha kampuni. Ila usijisahau: Uswisi haimo, na Uingereza tangu ijitoe kwenye umoja huo kila kampuni inaamua yenyewe. Kabla ya kuvuka mpaka, uliza.

Humo ndani ya treni tukampigia binti yetu. Sasa ana miaka minane, hataki tena kuimbiwa. Akatuangalia wote wawili tulivyobanana kwenye kioo, akasema, "Mama, leo hugandi!" Baba watoto akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujasafiri kaa na mwenzio muulizane intaneti itapatikana wapi na kwa shilingi ngapi. Na kama bili imeshakuja na ni kubwa, mwonyeshe leo hii hii, kabla hajaikuta kwenye mkoba. Ile 640,000 tulimaliza kuilipa kwa miezi minne. Ule uongo wa foleni ya benki ulichukua zaidi ya mwaka.