Ukipanda Marangu na watoto, wasimulie habari za Mahjub

Moshi. Wakati wa likizo, daladala za Marangu huondoka stendi ya Moshi mjini zikiwa na watoto wengi kuliko viti. Gari hufuata barabara ya Taveta hadi Himo, mwendo wa kilomita 27 hivi, kisha hukata kushoto na kuanza kupanda mlima. Hewa hubadilika ndani ya dakika chache. Mzazi aliyeweka sweta ya mtoto chini kabisa ya begi atalazimika kuitafuta hapo, huku migomba ikianza kuifunika barabara pande zote mbili na mibuni ikionekana chini yake.

Familia nyingi huenda kuona maporomoko ya Kinukamori, hula mtori au ndizi nyama, hupiga picha na kurudi. Watoto hufurahi, na hakuna ubaya wowote. Lakini Marangu ina kisa kingine ambacho mtoto aliyefika darasa la sita anaweza kukibeba, na kinaanzia kwenye vihamba hivi hivi.

Mwaka 1891 Mjerumani Carl Peters aliletwa Kilimanjaro kuwa kamishna wa serikali ya Ujerumani, akaweka kituo chake karibu na Marangu. Waafrika walimpachika jina la Mkono wa Damu. Mwaka huo aliamuru mtumishi wake, Mabruk, anyongwe. Mwanzoni mwa 1892 akamnyonga mwanamke kijana aitwaye Jagodia, aliyekuwa amemtoroka. Kwa mtoto mdogo inatosha kusema kwamba Peters aliwaua watu wawili waliokuwa nyumbani mwake. Mengine yangoje akue.

Swali la kwanza la mtoto huwa lilelile: "Alifungwa?" Hakufungwa. Habari zilifika bungeni Berlin mwaka 1896, zikazua kelele kubwa, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi. Basi. Alikufa mwaka 1918, na mwaka 1937 Hitler akamsafisha jina.

Hapo ndipo anapoingia Mahjub bin Adam Mohamed, kijana wa Dar es Salaam.

Alizaliwa Februari 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani mwenye asili ya Sudan. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Mahjub naye aliingizwa jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na miaka kumi. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la nne amtazame kidogo aliyeketi pembeni yake, kisha aendelee kusoma. Jeshi hilo lilikuwa na makao yake makuu hapa Moshi, mji uliokuwa umefikiwa na reli ya Tanga mwaka 1911, hadi Waingereza walipouteka Machi 1916. Mwaka 1917 Mahjub alijeruhiwa katika vita vya Mahiwa, kusini, akachukuliwa mateka.

Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Aliambiwa amechelewa. Kudai haki ya marehemu mzazi ofisi kwa ofisi ni jambo ambalo familia nyingi za hapa zinalijua bila kufundishwa.

Hakurudi. Akijulikana sasa kama Mohamed Husen, alipata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lenye mikahawa, bendi na maonyesho ya jukwaani usiku kucha. Mchana alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933, mwezi uleule Hitler aliposhika madaraka, alimuoa Maria Schwandner, wakapata watoto. Kisha akaingia kwenye filamu: zaidi ya ishirini, kati ya 1934 na 1941, mara nyingi kama mtumishi, mchukuzi au mtu wa kupita nyuma ya mastaa. Aliomba nishani ya askari waliopigana vitani, akanyimwa. Bado alivaa sare za askari kwenye mikutano ya Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudi. Ni rahisi kumlaumu kwa hilo. Lakini mtu mweusi mwenye mke na watoto Berlin ya miaka ile hakuwa na kazi nyingi za kuchagua, na aliyoipata ilikuwa ni kuigiza Mwafrika ambaye Wajerumani walitaka kumwona.

Nafasi yake kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1941. Filamu iliitwa Carl Peters. Ilimpamba kamishna yule wa Marangu kuwa shujaa aliyeonewa na wabunge, naye akaigizwa na Hans Albers, staa aliyependwa mno Ujerumani. Mahjub alimwigiza Ramasan, Mwafrika mwaminifu anayemwongoza Peters. Kwa maneno mengine, mtoto wa Dar es Salaam alilipwa kuonyesha jinsi mtumishi alivyompenda bwana ambaye, kule Marangu, alimnyonga mtumishi wake.

Mwaka huohuo Mahjub alikamatwa. Kosa lilikuwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo utawala wa Hitler uliliita kuchafua damu. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Tangu 2007 kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake, limechomekwa njiani mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, Berlin. Agosti 2024 barabara nyingine ya mji huo, iliyopewa jina la Peters mwaka 1939, ilibadilishwa, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Wachaga waliozoea kutaja madai ya fuvu la Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, wataelewa kwa nini mambo haya huchukua zaidi ya miaka mia.

Mtoto akichoka kusikiliza, aachwe akacheze na maji. Mifereji ni mingi Marangu, na maji yake ni ya baridi kweli, hivyo nguo ya kubadilisha ni muhimu. Magari ya kurudi Moshi hupatikana Marangu Mtoni. Ni vizuri kuondoka mapema, kabla ukungu haujashuka.